Rambo imeondoka, kifungashio kimeingia

Nina bucha Buguruni, Dar es Salaam. Nyama si sabuni wala kiberiti, mteja hawezi kuitia mfukoni mwa suruali akaondoka. Ina damu, ina mafuta, inachuruzika. Kwa hiyo kila kanuni ya mifuko ya plastiki inapotangazwa, sisi wa bucha, wauza samaki na mama lishe ndio tunaoikuta mapema, kabla hata ya mwenye duka la nguo hajaisikia. Nimeona niandike kwa sababu kuna sheria ninayoipenda kwa moyo wote, na kila siku naiona ikitobolewa mbele ya macho yangu, tena na watu wema wasiojua kwamba wanaitoboa.

Sheria yenyewe wengi mnaikumbuka. Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alisimama bungeni tarehe 9 Aprili 2019 akatangaza kwamba mwisho wa mifuko ya plastiki ni tarehe 31 Mei. January Makamba ndiye aliyekuwa waziri mwenye dhamana ya mazingira wakati huo. Zikatoka kanuni, Tangazo la Serikali Na. 394 la mwaka 2019, na kuanzia tarehe 1 Juni ikawa marufuku kutengeneza, kuingiza, kusafirisha nje, kuhifadhi, kuuza, kumiliki na kutumia mfuko wa plastiki wa kubebea bidhaa. Muda wa kujiandaa haukufika miezi miwili. Watu walilalamika kwamba ni mfupi, wenye viwanda wakalalamika zaidi, lakini kwa maoni yangu ufupi ule ndio uliosaidia. Wangetupa miaka miwili tungeitumia yote miwili kujadili.

Kabla ya hapo hali ilikuwa hivi. Mteja akinunua nusu kilo ya mchanganyiko, naikunja kwenye ukurasa wa gazeti, naitia kwenye kimfuko cheusi cheusi kile chepesi, kisha naingiza kimfuko kwenye rambo, ule mfuko wa plastiki wenye mikono, ili aibebe. Nusu kilo, mifuko miwili. Akitoka kwangu anapita gengeni: nyanya zina mfuko wao, vitunguu vina wao, limao moja nalo lina wake. Akifika nyumbani nyama inaingia sufuriani, na mifuko yote, ambayo kazi yake ilidumu kwa mwendo wa kutoka kituoni hadi mlangoni, inaanza safari ya pili. Hiyo safari ya pili ndiyo iliyokuwa ikituumiza.

Anayekaa mabondeni Dar anajua ilikokuwa ikiishia. Mvua za masika zikianza, mitaro ya Buguruni, Tandale na Manzese ilikuwa inafurika hata siku ambazo mvua si kubwa, kwa sababu maji hayakuwa na pa kupita. Ukizibua mtaro kwa jembe unavuta matope kidogo na nailoni nyingi. Maji yanarudi ndani ya nyumba, vyoo vinafurika, na kinachofuata kila mtu anakifahamu. Mto Msimbazi ulikuwa unapitisha taka zile hadi baharini. Sisemi kwamba mfuko ndio ulioleta mafuriko ya Desemba 2011 yaliyoua watu jijini, maana mvua ile ilikuwa kubwa mno na watu tumejenga mahali pa maji. Nasema kwamba mji ambao mifereji yake imezibwa hauna nafasi ya kujitetea. Na mfuko uliolala wazi ukiwa na maji ya mvua ndani yake ni mahali pazuri sana pa mbu kutagia; marehemu Profesa Wangari Maathai alilisema hilo Kenya miaka mingi kabla viongozi hawajaamua.

Lakini mimi chuki yangu kwa mfuko haikuanzia mtaroni. Nimezaliwa Mpwapwa, kwa watu wanaofuga, na kabla ya kuwa na bucha yangu nilifanya kazi machinjioni nikiwa kijana. Huko ndiko nilikokutana nao, ndani ya tumbo la ng'ombe.

Wanaoliona kwanza ni wasafisha utumbo, wengi wao akina mama. Tumbo kubwa linapasuliwa, majani yaliyosagika nusu yanamwagwa, kisha kunabaki kitu kimekwama. Unaingiza mkono unavuta bonge. Huwezi kuita bonge lile mfuko, maana ni mifuko mingi iliyosokotana na kamba, nyuzi za viroba, wakati mwingine kipande cha kitambaa, vyote vimekazana hadi kisu cha kuchunia kinapita kwa shida. Harufu yake inashinda ya utumbo wenyewe. Nimeona bonge ambalo halikuenea kwenye ndoo ya lita kumi. Mnyama alikuwa akitembea nalo, akilala nalo, akizaa nalo.

Kwa asiyefuga, nieleze linavyoingia. Mbuzi anachagua chakula kwa midomo, anadonoa jani hili analiacha lile. Ng'ombe hana ustadi huo. Anazungusha ulimi, anavuta fungu zima, anameza bila kutafuna sana, kisha akipumzika ndipo anacheua. Mfuko uliobebea maganda ya ndizi au mabaki ya wali una harufu ya chakula, una chumvi, na kiangazi kikiwa kikali hana sababu ya kuukataa. Ukishaingia tumbo la kwanza umefika. Hauozi, hausagiki, na tundu la kwenda tumbo linalofuata ni dogo. Unakaa pale, kesho unakuja mwenzake. Nafasi ya majani inapungua, mnyama anakula kidogo, anakonda, maziwa yanashuka. Hewa ikishindwa kutoka, ubavu wa kushoto unavimba kama ngoma. Mfugaji anadhani ni minyoo, ananunua dawa, hapati nafuu, ananunua nyingine. Mwishoni anamuuza kwa bei ya hasara, na anayemnunua ni mtu wa biashara kama yangu.

Ng'ombe wanaoshushwa mnada wa Pugu kutoka kanda ya ziwa na Dodoma, waliokulia nyikani, mara nyingi matumbo yao ni safi. Mabonge nimeyakuta zaidi kwa ng'ombe wa mjini, wale wa maziwa wanaofunguliwa mchana kujitafutia, na kwa mbuzi wanaoshinda jalalani, maana hata huyo mbuzi mchaguzi akikosa cha kuchagua anakula alichokikuta. Hao ni mali ya watu wa kipato kidogo. Mama mwenye ng'ombe mmoja wa maziwa anayesomeshea watoto, ng'ombe yule akifa kwa nailoni hakuna bima wala fidia, na hakuna wa kumshtaki. Watu wanaposema marufuku ya mifuko ni mambo ya kuwafurahisha watalii na wazungu, huwa natamani niwapeleke siku moja wakasimame karibu na wasafisha utumbo alfajiri.

Sasa nirudi kwenye sheria, kwa sababu kuna jambo ndani yake ambalo watu hawalizungumzi. Hii ya 2019 si ya kwanza. Mwaka 2006 serikali ilikataza mifuko ile myembamba, ya chini ya maikroni 30. Maikroni moja ni milimita moja ukiigawa mara elfu. Mimi kaunta nina mizani ya gramu, panga na gogo, sina kifaa cha kupimia unene wa karatasi ya nailoni, na hana mwenye genge, hana mgambo, hana mteja. Mfuko wa maikroni 30 na wa maikroni 20 ukivishika vyote ni nailoni tu. Kiwanda kinasema wangu ni mnene, muuzaji anasema nimeuziwa hivyo, na mjadala unaishia hapo. Kenya nao walipita njia hiyo hiyo mwaka 2007 na tena 2011, wakaweka viwango vya unene, na mifuko ikaendelea kupeperuka kwenye miiba kama kawaida.

Kilichofanikiwa mwaka 2019 ni kwamba kanuni ziliacha kabisa habari ya unene. Mfuko wa plastiki wa kubebea bidhaa ni marufuku, uwe mwembamba au mnene. Basi. Mtoto wa darasa la pili anaweza kuutambua. Sheria ambayo anayetakiwa kuitii anaweza kuitambua kwa macho yake ina nguvu, hata kabla askari hajafika. Na kweli, wiki ile ya kwanza ya Juni sikuona askari akimkamata mtu mtaani kwetu, lakini rambo zilipotea. Watu walikwenda kuzikabidhi kwenye ofisi za serikali za mitaa. Wazee walitoa vikapu vya ukili kutoka darini. Mzee mmoja, mteja wangu wa maini kila Jumapili, alikuja na kikapu akaniambia alikinunua mkewe kabla ya vita vya Kagera, na mishikio yake bado imara. Nilifurahi kuliko nilivyoonyesha.

Ikaja mifuko mbadala, ile ya kitambaa laini yenye rangi. Hapa kulikuwa na kero. Rambo ilikuwa bure au kama bure, mfuko mbadala mdogo ukawa shilingi 200, mkubwa 500, na kuna wauzaji waliokuwa wakimlazimisha mteja anunue kila anapokuja. Mwenye kununua nyama ya shilingi elfu mbili akiambiwa ongeza mia mbili ya mfuko anaumia, na ana haki ya kuumia. Halafu ikaingia mifuko hafifu inayochanika kabla hujafika kituo cha daladala, hadi ikabidi kiwango cha Shirika la Viwango Tanzania (TBS) kisisitizwe kwamba uzito usiwe chini ya gramu 70 kwa mita ya mraba. Wengi hawajui kwamba mfuko ule unaofanana na kitambaa nao ni plastiki, polipropilini iliyoyeyushwa ikatolewa nyuzi na kushindiliwa pamoja. Ukitumika mwaka mzima unastahili sifa zake. Ukitupwa baada ya safari moja ni rambo iliyovaa nguo nzuri, na bonge la tumboni litaupokea vilevile.

Pamoja na hayo, nasimama na marufuku. Mitaro ya mtaani kwetu ikizibuliwa siku hizi, kinachotoka zaidi ni chupa za maji, nepi na matope. Uchafu haujaisha, lakini ule utando wa nailoni uliokuwa ukishikilia kila kitu umepungua sana. Hata machinjioni wenzangu waliobaki huko wananiambia hivyo hivyo.

Au niseme ulikuwa umepungua, kwa sababu sasa nafika kwenye jambo lililonikalisha kuandika.

Kanuni za 2019 ziliacha mlango mmoja wazi, na ulikuwa lazima uachwe. Vifungashio vya plastiki vya bidhaa za viwandani, za kilimo, za tiba, za ujenzi na za usafi havikukatazwa. Ni sawa kabisa. Huwezi kuuza sindano ya hospitali bila kifungashio, wala mbegu za mahindi, wala mkate unaosafiri kutoka kiwandani hadi Mbagala. Lakini mlango ukiachwa wazi hupita zaidi ya aliyealikwa. Ndani ya muda mfupi maduka ya jumla Kariakoo yakajaa roli za nailoni angavu, ndefu kama bomba, unakata kipande unafunga fundo. Hazina mikono, na muuzaji anakwambia, hiki si mfuko, hiki ni kifungashio. Leo ukipita mtaani kwangu jioni utakiona kila mahali. Chipsi ndani yake, kachumbari ndani ya kingine kidogo, tomato sosi ndani ya kingine kidogo zaidi. Maharage ya moto yanayofuka mvuke, supu ya makongoro, uji wa mgonjwa, nyanya za mia tano, dagaa, mkaa wa kopo moja. Na nyama.

Ndiyo, nyama. Wateja wanaingia kwangu na kuniuliza, "Huna kifuko?" Nawaambia sina, nina karatasi ya kaki. Wanaangalia ng'ambo ya barabara, ambako mwenzangu anacho. Nimepoteza wateja kwa hili na wengine sijawaona tena. Silaumu sana, mtu ametoka kazini, amevaa nguo safi, hana chombo, na karatasi ya kaki ikilowa damu inafumuka. Nami nikimlaumu mwenzangu wa ng'ambo nitakuwa namwonea, kwa sababu hakuna mahali ambapo mtu wa bucha ameandikiwa kwa lugha nyepesi, hiki ndicho utakachofungia nyama, kinauzwa hapa, kwa bei hii.

Ule unyofu wa marufuku niliousifu ndio unaopotea hapa. Tumerudi kwenye maswali ya 2006. Je, hiki ni kifungashio au ni kibebeo? Kina alama ya TBS au hakina? Kimetengenezwa kwa ajili ya chakula au kwa ajili ya kufunika miche? Hakuna anayeweza kujibu kwa kukitazama. Mwaka 2021 serikali iliona tatizo, ikatangaza wazi kwamba vifungashio visitumike kama vibebeo, na ikatoa muda wa mwisho. Kwa wiki kadhaa vikawa vinatolewa chini ya meza. Kisha vikarudi juu ya meza.

Nilizungumza na mama mmoja jirani yangu anayeuza barafu za ukwaju na ubuyu kwa wanafunzi. Nilimwamkia, "Shikamoo mama," tukakaa. Nilimuuliza kama anajua kwamba vifuko vile vina utata. Akanijibu, "Mwanangu, barafu nitaifunga kwenye nini? Kwenye kikapu?" Nilikaa kimya kwa sababu sikuwa na jibu. Barafu ile imelea watoto wake. Kabla ya kumwambia aache, mtu lazima awe na kitu cha kumpa mkononi. Nadhani huu ndio ugumu wote wa suala hili: ilikuwa rahisi kuondoa mfuko wa kubebea kwa sababu kikapu kilikuwepo tangu mababu, lakini chakula kilicholowa, cha moto au cha baridi, kinachouzwa kidogo kidogo kwa watu wasio na friji wala gari, bado hakijapata chombo chake.

Chakula cha moto ndicho kinachonitia hofu zaidi. Nailoni nyembamba hulainika kwa joto, kila mtu ameiona ikinywea maharage yakimiminwa. Roli ile haina jina la kiwanda, haina maandishi, aliyeinunua kwa kilo hajui ilikusudiwa kubeba nini. Tunamlisha mtoto uji uliokaa humo nusu saa. Mwenye mgahawa akikwambia lete hotpoti au bakuli lako, usimwone ana maringo. Anakujali.

Tukitazama adhabu zilivyoandikwa, walioandika kanuni walijua uzito uko wapi. Anayetengeneza au kuingiza nchini faini yake inaanzia shilingi milioni 20 na inaweza kufika bilioni moja, au kifungo kisichozidi miaka miwili, au vyote viwili. Anayeuza ni kati ya laki moja na laki tano, au miezi mitatu. Anayekutwa anautumia ni elfu 30 hadi laki mbili, au siku saba. Ngazi ile imepangwa vizuri: kadiri unavyopanda juu ndivyo mzigo unavyoongezeka. Lakini ukaguzi nilioushuhudia mtaani kwa miaka hii umekuwa ukianza chini ya ngazi. Nimeona kijana wa chipsi akinyang'anywa furushi la vifuko akabaki ameshika mwiko. Furushi lile lilikuwa na thamani ya shilingi elfu chache. Roli vilikokatwa vifuko vile halikuanzia kwake. Lilipakuliwa kwenye lori, likapita ghalani, likauzwa jumla, na kote huko lilikuwa kubwa, linaonekana, halifichiki. Kijana wa chipsi ndiye wa mwisho kulishika na ndiye pekee aliyeulizwa.

Majirani zetu wamefika mahali tofauti na kuna cha kujifunza. Zanzibar walitutangulia mbali, mwaka 2006, na abiria wa boti kutoka Dar tulijifunza kuacha rambo bandarini wakati huku bara zilikuwa zinagawiwa kama karanga. Kisiwa kinaijua taka yake, hakina pa kuificha. Rwanda walipitisha sheria mwaka 2008, na ukishuka uwanja wa ndege wa Kigali na mfuko wa plastiki unaondolewa. Kenya walianza tarehe 28 Agosti 2017 kwa adhabu iliyotusisimua hata sisi, shilingi milioni 2 hadi 4 za kwao au kifungo cha mwaka mmoja hadi minne, baada ya watu wa kawaida, akiwemo mpiga picha James Wakibia wa Nakuru, kusukuma kampeni mitandaoni kwa miaka. Kati ya marufuku yao na ya kwetu mifuko ilikuwa ikivushwa mpakani kwa magendo. Nchi moja ikizuia na jirani akiruhusu, mpaka unageuka kuwa soko. Ndiyo maana nasikitika kila nikisikia kwamba Uganda, ambao walikuwa na sheria tangu mwaka 2009, bado kaveera, yaani mfuko wa plastiki kwa lugha yao, inauzwa.

Ningepata nafasi ya kusema na wanaosimamia kanuni zetu, ningewaomba waache kuhangaika na fundo la barafu na waende kwenye roli. Roli isiyo na jina la kiwanda, isiyosema ni ya bidhaa gani, isitoke ghalani. Hiyo haihitaji kifaa cha kupimia, inahitaji macho tu, na ndiyo njia iliyofanya marufuku ya rambo ifanikiwe. Kisha waite watu wa bucha, wauza samaki wa soko la Feri, na mama lishe, wakae nao, waandike kwa Kiswahili cha sokoni nini kinaruhusiwa kwa chakula kilicholowa. Kama ni karatasi yenye nta, iwe na unafuu wa kodi ili ishindane na nailoni kwa bei. Huko Bukoba na Moshi nyama ilifungwa kwenye jani la mgomba vizazi na vizazi. Kwetu Mpwapwa, kusiko na migomba mingi, nyama ilitungwa kwenye kamba ya gome la mti ikabebwa mkononi. Siombi turudi kwenye kamba ya gome. Lakini hao waliotutangulia walikula nyama, walibeba nyama, na hawakuacha bonge tumboni mwa ng'ombe wa mtu.

Kwa upande wangu nimefanya ninachoweza. Nimenunua ndoo ndogo za mfuniko, wateja wa kila wiki wana zao zimeandikwa majina kwa kalamu ya rangi. Mteja anaacha tupu anachukua yenye nyama, mimi nazifua kwa maji ya moto na sabuni. Mama lishe wawili wa jirani huniletea sufuria asubuhi, na mchana kijana wangu anawapelekea. Waliozoea kaki nawafungia tabaka mbili, la ndani limepakwa nta, na nimekubali kubeba gharama hiyo mwenyewe hadi bei yake itakaposhuka.

Swali ninaloulizwa sana na wageni ni kama chombo chao kitawaongezea uzito kwenye mizani. Hapana. Naweka bakuli tupu kwanza, narudisha mizani sifuri wewe ukiangalia, ndipo naweka nyama. Kama mizani ya bucha yako ni ya mawe, mwambie apime nyama peke yake kwenye sahani ya mizani kisha aimimine kwenye bakuli lako. Akikataa, una haki ya kwenda bucha nyingine. Ukiwa Buguruni njoo kwangu, bakuli lolote lenye mfuniko linafaa, ila la nyama ya kusaga liwe pana kidogo ili isishindiliwe ikapata joto njiani.